Usinunue mbuzi wa kukata nyasi nyumbani, elewana na mwenye kondoo

Mvua za Novemba zikishashika hapa Tabora kila mwenye uwanja wa nyasi anaanza kulalamika, iwe Cheyo, Ipuli au Isevya, unafyeka Jumamosi na wiki haijaisha nyasi zimeshafunika miguu tena, kijana wa kufyeka anataka hela yake kila akija, mashine inakunywa petroli na kisu kikipiga jiwe mara moja ndo basi, na ukiacha zirefuke nyumba nzima haina amani sababu ya nyoka. Hapo ndo linakuja wazo ambalo nimelisikia kwa watu wengi na wanalisema kwa siriasi kabisa: si ninunue tu mbuzi wawili, watakula nyasi, watatoa mbolea, sikukuu nachinja mmoja.

Nusu ya wazo hilo naikubali kwa moyo wote. Mnyama kukata nyasi za uwanja ni jambo sahihi, ni nafuu, halipigi kelele, na nyasi ambayo ingetupwa jalalani au kuchomwa moto inakuwa nyama na mbolea. Ila hiyo nusu nyingine, kwamba kila nyumba ijinunulie mbuzi wake imfunge hapohapo mwaka mzima, inaharibu nyasi na inamuua mnyama, na sio kwamba nasema kwa kukisia, hesabu yake inaonekana wazi nitaiweka hapa chini. Ninachokitetea mimi ni kondoo badala ya mbuzi, na ni kondoo wachache wa mtu mmoja mtaani wanaozunguka nyumba kwa nyumba kwa makubaliano.

Kwanza watu waache kuona kama hili ni jambo la kishamba. Mashine ya kukata nyasi ni ya juzi tu, aliyeitengeneza ni Edwin Budding wa Stroud kule Uingereza mwaka 1830, kabla ya hapo viwanja vya matajiri wa huko vilikatwa kwa fyekeo za mkono au na kondoo. Hata mashine ilipokuwepo kondoo hawakuachwa. Mwaka 1918, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Rais Woodrow Wilson wa Marekani aliweka kondoo kwenye uwanja wa Ikulu yake ili wanaume waliokuwa wanakata nyasi waende kwenye kazi za vita, sufu yao ikapigwa mnada kwa ajili ya Msalaba Mwekundu na ikaingiza zaidi ya dola 50,000. Pale New York katikati ya jiji, Central Park, kondoo walichunga hadi 1934. Na mwaka 2009 kampuni ya Google ilipotaka kusafisha majani kwenye eneo lake California, iliwakodi mbuzi kama 200 pamoja na mchungaji wao na mbwa, wakala kama wiki moja, wakaondoka. Angalia hapo, kampuni yenye hela zote zile haikununua mbuzi, iliwakodi kisha ikawarudisha kwa mwenyewe. Hapo ndo ninapotaka tujifunze.

Sasa kwanini kondoo na sio mbuzi. Mbuzi ukimwachia uwanja wenye nyasi na miti haanzi na nyasi, anainua kichwa. Anaanza na majani ya mpapai, anapanda miguu ya mbele kwenye ua anavuta maua, kiangazi kikikaza anabandua magome ya miembe michanga hadi mti unakauka. Kwa asili yeye ni mlaji wa majani ya vichaka, nyasi ni akiba yake tu. Kwahiyo kama una kiwanja kilichojaa vichaka, mbuzi ni mfanyakazi mzuri sana, lakini kwa uwanja wa ukoka mbele ya nyumba utaishia kupoteza bustani huku nyasi zimebaki.

Kondoo anainamisha kichwa. Kaa karibu naye umtazame akila: mdomo wa juu umepasuka katikati, ule mpasuko unamruhusu kusogeza meno hadi karibu kabisa na ardhi, meno ya mbele anayo chini tu, juu ana ufizi mgumu, anabana majani katikati ya meno na ule ufizi halafu anatupa kichwa mbele kidogo na nyasi zinakatika kwa sauti ya kuchanika. Anasogea hatua, anabana tena. Ng'ombe yeye anazungusha ulimi anavuta fungu zima kwahiyo anaacha nyasi ndefu na ukubwa wake unachimba uwanja ukiwa na maji. Kondoo ndo anakata usawa ule watu wanaoutaka. Na kondoo wetu wa kienyeji ana nywele fupi sio sufu ndefu, hakuna kazi ya kumnyoa, mkia wenye mafuta, joto la huku amelizoea.

Lakini huohuo uwezo wa kula hadi chini ndo hatari yake. Ukoka unavumilia kukatwa kwa sababu unatambaa, macho yake ya kuchipua yako chini kwenye mashina yanayolala ardhini, ukikata juu yenyewe yanachipua. Ila yanahitaji majani kidogo yabaki na yanahitaji siku za kupumzika ili mizizi ijaze akiba. Kondoo aliyefungwa sehemu moja anarudi kwenye chipukizi siku ya tatu, anarudi tena, nyasi haipati nafasi, mizizi inafupika, mwisho unabaki na vumbi na mbigili ambazo hata yeye hazili. Wazee wa huku na wa upande wa Shinyanga wanalijua hili kitambo, ndo mana walikuwa na ngitili, eneo la malisho linafungwa mvua zikianza haliguswi na mnyama hadi kiangazi. Kupumzisha nyasi ni elimu ya nyumbani, sijui kwanini tukijenga nyumba ya bati mjini tunaisahau.

Haya tuje kwenye hesabu. Tuseme kiwanja chako ukitoa nyumba, banda, njia ya gari na bustani ya mboga unabaki na nyasi mita za mraba 200, mjini hapa hicho ni kiwanja kizuri tu. Tabora tunapata mvua kama milimita 900 kwa mwaka, karibu yote inashuka kati ya Novemba na Aprili. Nyasi isiyowekwa mbolea kwa mvua hiyo tukadirie inatoa tani 5 za nyasi kavu kwa hekta, maana yake uwanja wako wa mita 200 unatoa kilo 100 kwa mwaka mzima. Kondoo wa kilo 25 anakula kama asilimia 3 ya uzito wake kila siku, yaani robo tatu ya kilo ya nyasi kavu, kwa nyasi mbichi ni kilo 3 au zaidi sababu sehemu kubwa ni maji. Kwa mwaka anahitaji kilo 270 na ushee. Uwanja wako una 100. Yaani kondoo mmoja tu, sio wawili, anamaliza chakula chote cha uwanja ndani ya miezi minne na kitu, na hapo tumechukulia kwamba anakula hadi jani la mwisho, jambo ambalo hatutaki.

Na kuanzia Juni hamna kitu kabisa. Uwanja umekauka, ukoka umelala unasubiri mvua, na mnyama yupo palepale anakutazama. Hapo mtu aliyenunua mbuzi ili asihangaike na nyasi anaanza kuhangaika kutafuta nyasi, anamtuma mtoto akate majani ya miembe, ananunua pumba, na maji ya kunywa lita kadhaa kila siku wakati wa kiangazi. Wengi wanaishia kumfungulia mnyama azurure, hapo unagombana na majirani na halmashauri, tangu mwaka 1992 kuna kanuni za kilimo cha mijini na zinataka mifugo ya mjini ifugiwe ndani, sio kuchungwa mitaani.

Kuna jambo jingine ambalo naliona ndo zito kuliko yote na watu wa mjini hawalifikirii kabisa, nalo ni minyoo. Kondoo na mbuzi wana mnyoo mmoja mbaya sana anayekaa kwenye tumbo la nne ananyonya damu, wataalamu wanamuita Haemonchus. Mayai yanatoka na kinyesi, kukiwa na joto na unyevu kama wa masika yetu yanaanguliwa, na ndani ya kama wiki moja hivi viluwiluwi, yaani minyoo michanga, vimeshakomaa vinapanda kwenye umande wa majani ya chini, zile sentimita 5 za mwanzo, ambapo ndo kondoo anapenda kukata. Anavimeza. Sasa mnyama anayelala, anayenya na anayekula kwenye mita 200 hizohizo miezi mitano mfululizo anazungusha minyoo yake mwenyewe na kila mzunguko ni mkubwa kuliko uliopita. Nyasi zimependeza, mvua nzuri, na mnyama anakufa katikati ya chakula, mwenyewe anasema labda karogwa au kala sumu.

Unaweza kumjua kabla. Mshike kichwa, vuta chini kidogo kope la chini la jicho lake kwenye mwanga wa asubuhi, utando wa ndani ukiwa mwekundu yuko salama, ukiwa wa pinki iliyofifia anza kuwa makini, ukiwa mweupe kama karatasi damu imekwisha mwilini na hapo huna muda wa kusubiri kesho. Wengine wanavimba chini ya taya, kama kifuko cha maji. Kazi ya sekunde chache tu hii, na kila anayefuga kondoo angetakiwa awe anaifanya kila baada ya wiki mbili kipindi cha mvua. Na sio kwamba dawa ya minyoo ndo jibu la kila kitu, ukimnywesha kila mwezi bila kuangalia minyoo inazoea dawa halafu siku ukiihitaji kweli haifanyi kazi.

Sasa weka haya mambo pamoja. Nyasi inataka kukatwa halafu ipumzike. Mnyama anataka eneo kubwa kuliko uwanja wa nyumba moja. Minyoo inakatwa nguvu mnyama akiondoka kabla mayai hayajaanguliwa na kukomaa, na akirudi baada ya viluwiluwi vingi kufa kwa jua na njaa. Yote matatu yanasema kitu kimoja, kwamba mnyama ahame. Na hili lilishajaribiwa kwenye nchi za joto na mvua, watafiti wakiwa Tonga, visiwa vya Pasifiki, mwanzoni mwa miaka ya 1990 waligawa malisho vipande 10, mbuzi wakakaa siku 3 na nusu kila kipande kisha wanahama, wanarudi pale walipoanzia baada ya siku 35. Mayai ya minyoo kwenye vinyesi vya hao mbuzi yalikuwa chini ya nusu ya wale waliokaa sehemu moja muda wote, na dawa walihitaji mara chache zaidi.

Vipande kumi. Kwa nchi yetu ambayo watu wamekua na balozi wa nyumba kumi, mi nikisoma hiyo naona mtaa. Nyumba kumi zenye uwanja wa mita 200 kila moja, kondoo watano wa mtu mmoja. Kwa siku 35 za masika uwanja mmoja unakuwa umeotesha kama kilo 19 za nyasi kavu, kondoo watano wakikaa hapo siku 3 na nusu wanakula kama kilo 13, theluthi moja inabaki ya kuchipulia tena. Inakaa vizuri mno. Hakuna aliyenunua mnyama isipokuwa yule ambaye tayari anafuga na analijua banda, na kila mtaa wa Tabora yupo huyo mtu, mzee au mama ambaye ana kondoo wake sita saba nyuma ya nyumba na kila siku anahangaika wapi apate majani. Yeye ana wanyama hana nyasi, wewe una nyasi unalipa watu wazifyeke, na mnakaa nyumba tatu tu katikati. Shikamoo mzee, nyasi zangu zimeshakua, kesho waanzie kwangu. Hayo ndo mazungumzo yanayokosekana.

Isitoshe kwa Wanyamwezi na Wasukuma kuweka mnyama wako kwa mwenzako sio jambo geni, mtu anakaa na ng'ombe wa ndugu yake, anapata maziwa na samadi, ndama wanabaki wa mwenyewe. Tunachoongeza hapa ni kwamba mnyama anakaa siku chache badala ya miaka.

Hela ipite wapi? Mi nasema mwanzoni isipite popote. Mwenye kondoo anapata malisho bure, mwenye uwanja anapata kukatiwa bure, kinyesi kinabaki kwa mwenye uwanja afagie aweke kwenye mboga. Mkianza na malipo siku ya kwanza mtagombana nani anamlipa nani, sababu wote wawili mnafaidika. Kinachotakiwa kusemwa mapema ni vitu vingine: usiku kondoo wanalala wapi (mi nashauri warudi banda la mwenyewe kila jioni, wizi upo na mbwa wa mtaani wapo), nani anaweka maji mchana, na kondoo akila mchicha wa mtu au akifa uwanjani kwa mtu inakuwaje. Hilo la kufa msilikwepe, ndo linavunja urafiki. Kufa kwa ugonjwa ni hasara ya mwenye mnyama, kufa kwa kitu kilichokuwepo uwanjani kwako na hukukisema ni cha kwako.

Na vitu vya kuua vipo kwenye viwanja vyetu vingi kuliko watu wanavyodhani. Oleanda, lile ua la pinki au jeupe lenye majani membamba ambalo limepandwa kwenye nyumba kibao, majani machache tu yanaua kondoo. Ule mti wenye maua ya njano kama kengele unaotoa maziwa ukiuvunja, hivyohivyo. Lantana inawadhuru ini na ngozi yao inaanza kuungua na jua. Majani ya parachichi yanadhuru moyo. Majani mabichi ya muhogo, hasa ule mchungu, yana sumu kali wakiyala mengi wakiwa na njaa. Minyaa ya ua utomvu wake ukiingia machoni ni shida. Kwahiyo kabla kondoo hawajaingia mwenye nyumba azunguke ua na mwenye kondoo, wakague pamoja, kilichopogolewa kisiachwe chini sababu jani lililonyauka la oleanda bado lina sumu yake. Halafu plastiki. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019 ila vifungashio na kamba za plastiki bado zimejaa kwenye nyasi, mnyama anameza, zinajikusanya tumboni hazitoki. Okota kwanza.

Watu wenye watoto wadogo wana hoja ya msingi kuhusu kinyesi na mi naiheshimu. Kinyesi cha kondoo ni vigoroli vikavu, kinafagilika kirahisi, lakini sio pa mtoto kucheza peku siku hiyohiyo. Siku zile tatu nne watoto wacheze upande mwingine, kondoo wakiondoka fagia, subiri mvua inyeshe na jua lipige. Ukiwa na mwezi mzima kabla hawajarudi hilo linawezekana, ukiwa na mbuzi wako wa kudumu hapohapo haliwezekani hata kidogo.

Gharama moja ya mpango huu lazima isemwe wazi, kondoo wanaopita nyumba kumi wakiwa na ugonjwa wanaupitisha pia kwa mbuzi na kondoo wengine waliopo kwenye hizo nyumba. Sotoka ya mbuzi na kondoo ipo nchini, ilithibitishwa mwaka 2008, na chanjo yake ipo. Kundi lisilochanjwa lisizunguke. Muoneni afisa mifugo wa kata na mwenyekiti wa mtaa kabla, waelezeni kwamba wanyama wanahamishwa kwa kamba au kwenye guta kutoka geti hadi geti, hawachungwi barabarani. Ukienda mwenyewe kabla hujalalamikiwa mnaelewana.

Uwanja wenyewe hautakuwa kama picha za hotelini. Wiki moja kabla ya kondoo kurudi nyasi zitakuwa ndefu kiasi, baada ya wao kuondoka kutabaki visiki vya magugu wasiyoyapenda na mabaka ya kijani iliyokolea pale walipokojoa. Hayo magugu unapita na fyekeo kama nusu saa. Mwenye kutaka nyasi ya usawa mmoja kila siku anunue mashine tu na asimtese mnyama. Mi naona uwanja unaoliwa, unaopumzika na kuchipua tena unapendeza, na udongo wake mwaka hadi mwaka unakuwa mweusi zaidi, tofauti na viwanja vyetu vingi tunavyofagia kila asubuhi hadi mizizi ya miembe imetoka nje na mvua ya kwanza inaondoka na udongo wote kuelekea mtaroni.

Mazungumzo na mwenye kondoo yafanyike Septemba au Oktoba, wakati yeye ana shida ya malisho na wewe hujaanza kufikiria nyasi. Mvua zikianza msiwaingize siku ileile, subirini ukoka ufike urefu wa kiganja, kama wiki tatu nne hivi, na hapo kabla ya mzunguko wa kwanza wanyama wakaguliwe macho, wanaohitaji dawa wapewe, sababu minyoo iliyokuwa imelala tumboni kiangazi kizima inaamka na mvua. Mei nyasi zikipunguza kasi mzunguko urefushwe, Juni usimame, kondoo wabaki kwa mwenyewe na mabua ya mahindi na majani ya karanga baada ya mavuno, ambayo kipindi hicho yanapatikana. Na nyumba zikiwa nne tu zilizokubali, anzeni na nne, kila uwanja siku zilezile 3 na nusu, na siku zinazobaki hadi kufika 35 kondoo wabaki kwa mwenyewe, msisubiri kumi.